TAHADHARI: Dalali anayesema "niko upande wenu" huku ametumwa na muuzaji

Ndugu zangu mnaotafuta nyumba ya kununua, nanyi mnaouza, someni hii kabla hamjampigia dalali yeyote simu. Mimi na mke wangu tumeumia, na mama aliyetuuzia nyumba ameumia vilevile. Aliyetuumiza ni mtu mmoja, aliyekula kwetu na akala kwake. Jina lake silitaji kwa kuwa shauri liko kwa wakili. Ninachotaka mkijue ni namna anavyofanya kazi, maana hayuko peke yake.

Alianza vizuri mno. Simu alipokea saa yoyote, akatutembeza nyumba sita bila kuchoka, hadi mke wangu akawa anamwita kaka. Ile ya sita tuliipenda. Tukiwa garini tunarudi, akauliza kwa upole: "Hebu niambieni ukweli ili niwapiganie vizuri. Mwisho wenu ni wapi?" Nikamtajia. Nikaongeza kwamba pale tulipopanga tunatakiwa kuhama mwisho wa mwezi. Jioni ileile akapiga simu: kuna wateja wengine wawili, na mwenye nyumba hashuki. Bei aliyoitaja ilikuwa kile kiasi nilichosema garini, hakikupungua wala kuzidi.

Tukalipa, tena kupitia akaunti yake, kwa kuwa alisema ndio utaratibu. Mwenye nyumba hatukuwahi kumwona. Kila tulipoomba tuliambiwa ni mgonjwa, hapendi usumbufu. Mkataba ukaletwa umeshatiwa sahihi yake.

Tulionana naye siku ya kukabidhiwa funguo. Mama mwenye afya yake, mchangamfu. Akasema, "Najua mlikuwa mmebanwa, ndiyo maana nilikubali kushusha." Kushusha? Nikatoa nakala yangu, naye akaenda kuileta yake kabatini. Tukazilaza mezani, moja kando ya nyingine. Ukurasa wa sahihi ulikuwa uleule, hata doa la wino pembeni ya jina lake lilikuwa palepale. Ukurasa wa bei haukufanana. Ya kwake ilikuwa pungufu. Yeye aliambiwa wanunuzi wamekata tamaa, sisi tukaambiwa wanunuzi wamejaa mlangoni. Tofauti ya zile bei mbili ikabaki kwa dalali, na bado alikuwa amechukua kamisheni kwa mama na "ada ya huduma" kwetu.

Tofauti hiyo madalali wanaiita "cha juu", na wengi wanakisema kama kwamba ni haki yao. Si haki. Katika nchi zinazofuata misingi ya sheria ya Kiingereza, wakala haruhusiwi kujipatia faida ya siri katika kazi aliyotumwa. Akiipata, aliyemtuma ana haki ya kuidai. Mimi hilo nimelijua kwa wakili, nikiwa nimeshalipa.

Na kosa langu kubwa lilikuwa moja: sikuuliza ametumwa na nani. Nilidhani anayenitembeza ni wangu. Dalali anaweza kuwa wakala wa muuzaji, na huyo hata akikufungulia mlango na kukubebea mtoto, wajibu wake ni kumpatia muuzaji bei nzuri. Ukimwambia mwisho wako, ana kila sababu ya kuufikisha. Anaweza kuwa wakala wako wewe mnunuzi, na hapo ndipo siri zako zinapaswa kubaki kwake. Wapo wasiomwakilisha yeyote, kazi yao ni kuwakutanisha watu na kushughulikia karatasi tu. Halafu yupo anayewakilisha pande zote mbili kwa pamoja, na huyo ndiye wa kumwogopa. Atampigania vipi muuzaji apate zaidi, na wewe utoe kidogo, kwa mdomo uleule? Mahali panaporuhusu jambo hilo, kwa kawaida sharti ni kila upande ujulishwe na ukubali. Jimbo la British Columbia, Kanada, lilikwenda mbali zaidi: tangu Juni 2018 limelipiga marufuku, isipokuwa katika hali chache sana. Uingereza nayo ina sheria ya mawakala wa nyumba ya mwaka 1979, inayomtaka wakala mwenye maslahi binafsi katika nyumba ayaseme kabla ya mazungumzo ya bei kuanza. Na Marekani, tangu Agosti 2024, mawakala walio chini ya chama chao kikuu wanatakiwa kuandikiana mkataba na mnunuzi kabla ya kwenda naye kuangalia nyumba.

Kwa hiyo swali la kwanza, kabla ya "vyumba vingapi", liwe hili: unamfanyia kazi nani, na nani anakulipa? Ajibu kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Akianza kusema "mimi ni wa wote, msijali", muogope. Hadi ajibu, usimtajie mwisho wako, usimwambie una haraka, usimwambie mkeo ameipenda nyumba.

Muone mwenye nyumba uso kwa uso kabla ya kulipa chochote. Dalali mwaminifu hana sababu ya kuwaficha ninyi wawili. Sahihi ziwekwe kila ukurasa, na bei iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Arubuni na malipo yote yapite kwa wakili wako au yaende moja kwa moja kwa muuzaji. Kwenye akaunti ya dalali, hata kidogo, hapana.

Ninyi mnaouza, angalieni mkataba wa udalali. Ipo mikataba ambayo dalali analipwa kamisheni hata ukimpata mnunuzi mwenyewe, awe ndugu yako au jirani. Mingine inaendelea kumpa haki ya malipo miezi kadhaa baada ya kwisha, kwa mteja yeyote aliyewahi kumleta. Soma tarehe ya mwisho. Na mwambie akuletee kila ofa iliyoandikwa, kwa karatasi yenyewe, usikubali kusimuliwa.

Mama na mimi sasa tunakwenda kwa wakili pamoja, nakala zetu mbili zikiwa ndani ya bahasha moja. Kama uliuza au ulinunua nyumba bila kuonana na mwenzako, mtafute, mkae, mfungue ukurasa wa bei.