Kidude cha elfu thelathini kilichonikamatia koili

Gari langu ni la Kijerumani, la 2006, lita 2, lina turbo (feni ya kuisukumia injini hewa zaidi). Hapa Dodoma ukifika nalo gereji, fundi anafungua boneti, anaifunga taratibu, kisha anakuuliza kwa nini hukununua Toyota.

Lilianza kumisi, yaani silinda kushindwa kuchoma petroli yake, njia ya Iringa. Mpaka Mtera shwari kabisa. Nilipoanza kupanda Nyang'oro, kila nikikanyaga mafuta linatetemeka kama bajaji iliyobeba saruji, na taa ya injini inawaka na kuzima. Hiyo ya kupepesa usiipuuze: petroli isiyoungua kwenye silinda inakwenda kuungulia kwenye katalisti, ile ya kusafisha moshi kwenye ekzosi, na kuiua. Nilipanda kwa gia ya pili, mguu mwepesi, malori yananipita.

Gereji ya kwanza walibadilisha plagi zote nne bila kupima chochote. Nafuu ya siku mbili. Ya pili: "Bosi, hizo ni nozeli", zile za kunyunyizia petroli kwenye silinda. Bei waliyonitajia siiandiki hapa, mke wangu anasoma.

Ndipo nikanunua kile kisoma hitilafu kidogo cha bluetooth, shilingi 30,000, duka la vifaa vya simu pale mjini. Unakichomeka kwenye tundu chini ya usukani, unafungua programu kwenye simu, basi. (Changu kinaelewana na Android tu, iPhone ya shemeji ilikitafuta mpaka ikachoka.) Kikaleta namba ya hitilafu: P0303. Tarakimu ya mwisho ndiyo silinda, kwa hiyo ni ya tatu. Ingekuwa P0300, maana yake linamisi ovyo, silinda yoyote.

Namba hiyo lakini haikwambii kama ni plagi, koili (inayoipa plagi umeme wa cheche) au nozeli. Nikasubiri injini ipoe, nikachomoa koili ya tatu nikaiweka ya kwanza, ya kwanza nikaiweka ya tatu. Nikafuta kosa, nikaenda hadi Ihumwa nikikanyaga kwa makusudi. Taa ikawaka. Nikaegesha pembeni, nikasoma: P0301. Kosa limehama pamoja na koili! Nilicheka peke yangu, mchunga mbuzi mmoja akanitazama sana. Koili mpya ilitoka Dar kwa basi, nikaipokea stendi ya Nane Nane, nikaifunga mwenyewe kwa mkono. Nozeli hazikuguswa mpaka leo.

Ningeishia hapo ningekipa nyota tano. Wiki iliyofuata, turbo ikishajaza tu, gari likarudi kumisi, safari hii P0300. Nilikodolea macho vipimo vya kwenye simu jioni tatu mfululizo, nisiambulie kitu.

Jirani akanipeleka kwa fundi mmoja mzee kule Kizota. Shikamoo, marahaba, hakuuliza hata namba. Akalala chini ya bampa na tochi, akaniita: "Hebu ona hapa, kijana wangu." Mapaipu yote ya hewa yalikuwa na vumbi jekundu la kawaida, jepesi, ukilipuliza linaondoka. Kwenye ungio moja la intakula (kipoza hewa ya turbo) tu vumbi lilikuwa limeganda kama ugali wa mtama uliolala. Turbo kuukuu hupitisha oili ya injini kidogo, akasema. Hewa inapovujia, oili inatoka nayo na vumbi linanasa hapo hapo. Paipu la mpira lilikuwa na ufa ambao ukiwa umeegesha huuoni, hewa ikijaa unafunguka. Kompyuta ya gari imeshapima hewa yote na kumwaga petroli yake, kumbe nusu ya hewa imeishia njiani. Paipu na klampu mbili, gari likatulia.

Kwa hiyo nyota nne. Kwa kukwambia uanzie silinda ipi, kimelipa bei yake mara nyingi. Kwa hewa inayovuja, mlipe mwenye tochi.

Na ukikinunua, kichomoe usiku. Changu nilikisahau kwenye tundu nikasafiri siku tano, nikarudi nikakuta betri haina hata ya kufungulia mlango.