Semina ya Uzamili ya Teknolojia ya Ufundishaji: Mubashara au kwa Maandishi?

Mwalimu wa Lamu anayesoma chuo cha Marekani akiwa kwao atazame saa kabla ya karo. Kipindi cha mubashara cha saa kumi na mbili jioni New York, huku Lamu ni saa saba usiku; Novemba, wakirudisha saa nyuma, ni saa nane. Na asubuhi darasa linakungoja.

Kwa bando, maandishi, yaani mjadala unaousoma na kuujibu kwa wakati wako, hayana mpinzani. Zoom ya kundi yenye picha hula takriban GB 1 kwa saa. Ukizima video zote, yako na ya wenzako, inapungua sana. Programu ya Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni, hukuwezesha kupakua masomo ukiwa Amu mjini, ukayasoma Faza, kisiwani Pate, bila mtandao, na majibu yako ya mjadala yakajituma ukirudi hewani. Kasoro yake ni tarehe za mwisho: weka saa za Nairobi kwenye wasifu wako, la sivyo utachelewa huku ukijiona umewahi.

Umeme ukikatika, kipindi cha mubashara kimekwenda na maji, isipokuwa ruta ina betri yake ya volti 12.

Lakini kwa anayetafuta kazi ya ubunifu wa mafunzo, yaani kusanifu kozi, mubashara una uzito: unamuuliza maswali mgeni anayefanya kazi hiyo, naye anakujua kwa sauti. Masuala ya hakimiliki na faragha ya wanafunzi, kwa maoni yangu, hujadiliwa vizuri zaidi kwa maandishi, maana watu hufikiri kwanza.

Mwenye watoto wadogo na bando la kuhesabu achague maandishi. Anayehama fani, mwenye waifai ya kutegemewa, avumilie usiku.