Scrivener kwa riwaya ya ukoo: hadithi nne zisikusumbue, kumi na mbili inunue

Anayeandika riwaya ya familia kwa hadithi fupi zinazoshikana huumia hapa: hadithi ya tatu inasema jambo, ya tisa inalikana. Mtoto kazaliwa 1970, halafu mwaka 1979 tunamkuta darasa la saba. Scrivener, programu ya kompyuta ya kuandikia vitabu, haikupigii hesabu hiyo, ila inaiweka miaka pale jicho litakapoikuta.

Kila hadithi hukaa kwenye hati yake ndani ya mradi mmoja. Mpe kila msimulizi rangi ya lebo: bibi nyekundu, shangazi kijani, mjukuu bluu. Kwenye toleo la 3 fungua ubao wa kadi (Corkboard), ambapo kila hati huonekana kama kadi, uchague kupanga kwa lebo. Kadi zitajipanga kwenye mistari, kila mtu na wake, na hapo ndipo unapogundua kuwa shangazi alisema kwenye hadithi ya pili, akanyamaza mpaka ya kumi. Hati moja hubeba lebo moja tu, kwa hiyo hadithi ya wasimulizi wawili ikate vipande viwili.

Kisha ongeza nafasi mbili za taarifa (Custom Metadata) kwa kila hati: mwaka wa tukio, na umri wa msimulizi. Zionyeshe kama safu kwenye orodha ya hadithi, ubonyeze kichwa cha safu ya mwaka. Hadithi zitajipanga kwa miaka huku mpangilio wa kitabu ukibaki ulivyo. Andika mwaka kwa tarakimu nne kila mara. Ukichanganya "1964" na "baada ya uhuru", safu hiyo haina kazi tena.

Balaa lipo kwenye kubadilisha majina kwa mradi mzima. Tuseme Asha sasa awe Amina. Ukiiruhusu programu ipuuze tofauti ya herufi kubwa na ndogo, "kuwasha" itageuka "kuwAmina", na amri hiyo hairudi nyuma. Maneno ya ukoo nayo yana viambishi: ukitafuta "mjomba" kama neno zima, "mjombake" na "wajomba" watakupita. Tafuta kwanza, badilisha moja moja, na kabla ya hapo funga mradi unakili folda yote.

Kutoa mswada kwenda Word ndiko kunakowakatisha watu tamaa. Vichwa vya hadithi vikipotea, mara nyingi ni kwa sababu aina ya sehemu (Section Type) ya hati hizo haijapewa mwonekano wake (Section Layout). Maandishi yenyewe hayajaenda popote. Tenga jioni nzima kwa kazi hiyo, na uijaribu na hadithi mbili tu.

Toleo la Android halipo, na kwa waandishi wetu wengi hilo ni pengo kubwa. Mwenye iPhone husawazisha kwa Dropbox, lakini asubiri usawazishaji uishe kabla ya kufungua mradi kwenye kompyuta, la sivyo hati zitagongana. Na ukitaka kumtumia mhariri, mradi ni folda: ubane kwanza uwe faili moja ya zip.

Bei ni kama dola 60 kwa kompyuta, unalipa mara moja. Kwa hadithi nne au tano, LibreOffice, programu ya bure inayofanana na Word, na karatasi ya nasaba ukutani vinatosha kabisa. Siku 30 za majaribio huhesabiwa kwa siku unazoifungua tu, hivyo anayeandika Jumamosi na Jumapili anazo wiki 15 za kuamua.