Virutubisho vya sonona nilivyomnunulia mume wangu hapa Mbeya, kimoja kilitupeleka hospitali usiku

Naandika hii kwa yeyote mwenye mtu ndani anaumwa sonona (depression) na anahangaika na vichupa kama nilivyohangaika mimi. Tangu mwezi wa tatu nimenunua vitu vitano kwenye maduka mawili hapa mjini, hela iliyotoka inakaribia laki mbili na nusu. Naeleza kila kimoja kilivyokuwa kwa mume wangu, na haya maduka mawili yalivyotofautiana, maana tofauti yao ndiyo imenifanya nikae chini kuandika.

Mume wangu ni fundi seremala, kwao Mafinga, mbao ndo maisha yake. Mwishoni mwa mwaka jana akaanza kuchelewa kuamka nikadhani uchovu, baadae akawa anaenda karakana anakaa tu kwenye benchi mpaka mchana anarudi. Nilishtuka nilipokuwa nafua, mashati yake hayana hata vumbi la mbao. Nimefua nguo zake miaka kumi na mbili, shati la mtu aliyeshinda na randa nalijua. Chakula anadokoa, saa tisa usiku macho yako wazi, mtoto akimwita anaitika kama yuko mbali. Mama mkwe akasema amerogwa, shemeji zangu wakasema ni mawazo ya hela tu atakaa sawa.

Tukaenda kitengo cha afya ya akili hospitali ya rufaa. Wakamuuliza maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, usingizi, hamu ya kula, kukosa raha, mpaka mawazo ya kujidhuru, akapata alama 17 kati ya 27, zikiwa nyingi ndo hali mbaya. Daktari akasema hii ni sonona, siyo msongo wa mawazo wa kawaida. Wakampima na damu, kama ana upungufu wa damu au tezi ya shingo haifanyi kazi vizuri, kwa sababu navyo vinaweza kumlegeza mtu akawa hivyohivyo. Majibu yakawa sawa, akaanzishiwa fluoxetine kidonge kimoja kila asubuhi, tukaambiwa nafuu inaweza kuchukua wiki mbili mpaka sita kuonekana.

Jamani wiki sita ni ndefu ukiwa unamwangalia mtu. Wiki ya pili mi nikaingia madukani.

Duka la kwanza liko upande wa Mwanjelwa, jina silitaji. Ni zuri kwa macho, kabati za vioo, picha za majani ukutani, dada anayeuza ana lugha nzuri sana. Nikamweleza mume wangu anaumwa sonona na hospitali wamempa dawa. Akanijibu "mama, hizo za hospitali zitamzubaisha, mpe hivi vya asili, asili haina madhara." Akanifungia St John's wort, magnesiamu, vitamini D na unga wa mimea kwenye mfuko wa nailoni usio na lebo yoyote, shilingi 185,000. Hakuniuliza hospitali wamempa dawa gani, na mimi sikumtajia jina lake, sikujua kama lina umuhimu.

Siku ya nne, kwenye saa tano usiku, nikahisi shuka limelowa. Mbeya hii, usiku wa mwezi wa nne, tumejifunika blanketi mbili, na mwenzangu anatiririka jasho! Nikamletea maji, meno yakawa yanagonga kikombe kwa jinsi alivyokuwa anatetemeka, moyo unamwenda mbio, hatulii kitandani, anainuka anakaa anainuka tena. Tukapanda bajaji mpaka hospitali. Daktari wa zamu swali lake la kwanza likawa "anatumia nini kingine?" nikatoa vichupa kwenye mkoba nikavipanga mezani.

Alituelewesha taratibu sana namshukuru. Fluoxetine inaongeza nguvu ya kemikali ya ubongoni inaitwa serotonini, na St John's wort nayo inaongeza hiyohiyo, ukivichanganya inaweza kuzidi mwilini na ikizidi sana mtu anaweza kufa. Wakasimamisha vyote, wakamwangalia mpaka kesho yake, akatulia, baadae akarudishiwa fluoxetine peke yake. Nikauliza, je ningemwachisha cha hospitali kwanza ndo nimpe hiki? Akasema fluoxetine inatoka mwilini polepole, hata ukiacha leo unatakiwa usubiri kama wiki tano, na kuacha dawa ghafla bila kumwambia daktari ni tatizo jingine.

Niseme haki, St John's wort siyo kitu feki. Ni mmea wenye maua ya njano, tafiti nyingi zimeonyesha unasaidia watu wenye sonona ndogo na ya kati, na kwa kuwa unafanya kazi kweli ndiyo maana unagombana na dawa nyingine. Unapunguza nguvu ya baadhi ya ARV, unapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na hata kijiti, unapunguza warfarin ya watu wanaozuia damu kuganda. Fikiria mama anatumia ARV zake vizuri miaka yote, anaingia dukani na huzuni zake, anauziwa hicho na kuambiwa hakina madhara. Hilo linaniuma mpaka leo. Nilirudi kumwambia yule dada, akasema labda mwili wa mume wangu ndo una shida. Hela sikurudishiwa. Siwezi kumpeleka mtu pale.

Ule unga nimeumwaga, kitu kisicho na lebo hata daktari hawezi kukusaidia kikileta shida. Vitamini D sijaona tofauti yoyote, nikaja kusoma kwamba Marekani waliwapa watu zaidi ya 18,000 kwa miaka kama mitano na haikuzuia sonona, kwa hiyo kama hujapimwa ukakutwa umepungukiwa usiharakishe kununua. Magnesiamu, daktari alipotupa ruhusa tukairudisha, ikamharisha siku mbili tukaacha.

Duka la pili ni famasi ndogo maeneo ya Uhindini, ina kabati mbili tu na benchi la kukalia. Nilienda kuulizia omega 3, na kabla hajagusa kichupa chochote yule mfamasia, kaka mmoja mpole, akaniuliza "mgonjwa anatumia dawa gani nyingine, una cheti chake?" Nilitaka kulia pale kaunta. Akasoma cheti, akaniuliza kama mzee anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, nikasema hapana. Ndo akageuza kichupa akanionyesha nyuma. Mbele kimeandikwa mafuta ya samaki 1000 mg kwa herufi kubwa, nyuma kwa maandishi ya sisimizi EPA 180, DHA 120, hizo ndo aina mbili za omega 3 zilizomo. Akasema kinachosaidia kwenye sonona zaidi ni EPA, na tafiti zinaongelea gramu moja mpaka mbili kwa siku juu ya matibabu ya hospitali siyo badala yake, sasa kwa kichupa hiki gramu moja tu ni kapsuli sita kwa siku, chupa ya 60 inaisha siku kumi. Shilingi 45,000 siku kumi! Akaniambia wazi kama bajeti ni ndogo usijiumize, kanunue samaki.

Mfanyabiashara anayekwambia hivyo ni wa kumshika. Nilichukua chupa moja tu, nikauliza kliniki wakakubali, mume wangu alilalamika harufu ya samaki akicheua ila akizimeza katikati ya chakula inapungua. Kama zilisaidia? Kidogo labda, siwezi kuapa, kwa sababu wiki hizohizo dawa ya hospitali nayo ilianza kushika.

Kwa hiyo tukarudi kwenye chakula. Usipa wa Kyela unapatikana sokoni kila siku, nauunga na nyanya na karanga, maharage, mboga za majani, parachichi za Rungwe, soda na maandazi ya asubuhi tukapunguza. Kuna utafiti wa Australia uliotoka 2017, watu 67 wenye sonona, wengi wao wako kwenye matibabu, nusu wakasaidiwa kubadilisha chakula kwa wiki 12, karibu theluthi yao wakatoka kwenye sonona, wale wengine waliopewa mtu wa kuongea nao tu ni 8 katika 100. Ni watu wachache lakini usipa nitaununua hata hivyo, hauna hasara.

Pombe ilikuwa ngumu zaidi. Kwao msimu wa ulanzi mtu hakatai, na yeye alikuwa anasema ndo inamletea usingizi. Inaleta kweli, saa tisa anaamka na mzigo mara mbili. Ilibidi shemeji yangu mkubwa aje kutoka Mafinga akae naye kiume, mimi nikiongea inakuwa ugomvi.

Na kutembea. Mwanzoni nilimwambia tupande hadi karibu na mlima Loleza, akanigeukia ukutani. Nikabadilisha, "twende mpaka getini tu, dakika tano." Kesho getini tena, wiki nyingine mpaka kwa mama wa chapati, sasa hivi ni dakika arobaini saa moja asubuhi, jua likiwa limetoka, hata Julai na baridi ile ya kukata masikio tulienda. Simwambii jipe moyo, simuulizi unawaza nini, tunatembea tu. Siku moja mama wa chapati alituamkia nikataka kuitikia mimi kama kawaida, mwenzangu akatangulia, "marahaba mama, biashara inaendaje?" Nilisimama. Ilikuwa miezi saba hajaongea na mtu wa nje bila kuulizwa.

Alama zake za mwisho kliniki ni 8. Dawa anaendelea nayo, daktari amesema hata akipona kabisa angalau miezi sita mbele, na kuacha ni kwa kupunguza taratibu naye akiwepo. Mwenza akianza kusema bora nisingekuwepo, au watoto watakuwa salama bila mimi, achana na maduka yote haya, mpeleke hospitali usiku huohuo na usimwache peke yake.

Ile famasi ukiwahi asubuhi hakuna foleni. Nenda na cheti, au hata picha ya vidonge vyote anavyotumia kwenye simu, kaka atakuuliza.