Nilitembezwa Kilwa Kivinje, nikafika Mwembe Kinyonga

Mwezi uliopita nilitoka Lindi mjini na gari la Dar, nikashuka Nangurukuru, nikapanda bodaboda hadi Kivinje. Kuna kijana wa pale pale anatembeza wageni. Nilimlipa shilingi 15,000. Boma la Wajerumani alituharakisha mno, nilitaka kukaa zaidi. Na jua lile la saa saba hakuna hata chupa ya maji, sisi watu wazima tuliumia. Hayo ayarekebishe.

Lakini pale Mwembe Kinyonga, penye mnara wa kuwakumbuka walionyongwa na Wajerumani, huyu mtoto anaijua kazi yake.

Alivua kofia kwanza. Akaweka kiganja juu ya mnara, akatusimulia jinsi Hassan bin Omari Makunganya alivyopigana na Wajerumani, akakamatwa, akanyongwa hapo mwaka 1895 pamoja na wenzake. Wala hakumpamba. Alisema wazi kwamba misafara yake ilibeba pembe na watumwa pia. Mzee mmoja kwenye kundi letu akadakia, "Basi alistahili." Kijana akamjibu kwa adabu, "Babu, hata waliomnyonga walisema hivyo. Ila nchi walishaichukua wao, na aliyehukumu alikuwa wa kwao."

Miguu iliniishia nguvu. Kaka yangu alikatwa panga kwa ugomvi wa mpaka wa shamba la mikorosho. Aliyemuua alihukumiwa kunyongwa, na hukumu iliposomwa nilipiga kigelegele mle mle mahakamani mpaka askari akanitoa. Mama wa yule mtu alikaa benchi la nyuma yangu. Hakulia. Alikuwa anakunja ncha ya kanga, anaikunjua, anaikunja tena.

Kesi ile ilinifundisha sheria. Kwetu Tanzania, jaji akimtia mtu hatiani kwa kuua kwa kukusudia, kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinamwachia adhabu moja tu: kunyongwa. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya alisema adhabu hiyo inavunja Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba ni ya kikatili na inamdhalilisha mtu, lakini ikaiacha ibaki. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kule Arusha, ikasema kumlazimisha jaji namna hiyo kunavunja haki ya kuishi. Tangu miaka ya tisini hakuna aliyenyongwa nchini, na miaka yote hiyo nimekuwa nikiuliza kwa hasira: kwa nini huyu wangu yuko hai?

Sijamsamehe. Afungwe mpaka afe, hilo silitoi. Ila kamba siitaki tena. Pale mnarani niliona kwamba kila anayenyonga huwa ana sababu yake na ana karatasi yake ya hukumu, na akikosea hakuna wa kumshusha aliyekwisha kufa. Niliyasema haya kwa sauti mbele ya wageni nisiowajua. Kijana alinisikiliza mpaka nikamaliza, hakuangalia saa, ndipo akasema, "Pole, mama."

Nendeni, ila bebeni maji, na mwambieni mapema kwamba bomani mnataka muda. Mwezi wa nane nitampeleka mtoto wa marehemu kaka. Nimeshapiga simu; kijana amesema tufike saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali.