Exim kwenye seva ya ofisi: nyota 3 kati ya 5

Naitumia Exim, programu ya kusafirisha barua pepe, juu ya Debian (aina ya Linux), kwenye seva ya ofisi hapa Kampala. Kwa kusafirisha barua sina lalamiko: laini ikikatika barua hupanga foleni, `mailq` inakuonyesha zilizokwama, na intaneti ikirudi zinaondoka zenyewe.

Nyota 2 nimeinyima kwa sababu imeandikwa kwa lugha ya C, ambako mwandishi wa programu ndiye anayepima ukubwa wa bafa (nafasi ya kumbukumbu iliyotengewa data). Hesabu ikimponyoka, data hufurika hadi kwenye kumbukumbu ya jirani. Chukua CVE-2018-6789 (CVE ni namba ya utambulisho ya tundu la usalama). Katika base64, njia ya kuandika data kwa herufi za kawaida, herufi 4 hufumbuliwa kuwa baiti 3. Exim ilikuwa inagawa urefu kwa 4, inatupa baki, inazidisha kwa 3, inaongeza 1. Sasa ipe herufi 7: inatenga baiti 4. Lakini zile herufi 3 za baki nazo hutoa baiti 2, jumla 5. Baiti moja tu imevuka ukingo, na ilitosha mgeni asiye na nywila kuendesha amri zake kwenye seva. Kiraka kilikuja na toleo 4.90.1, Februari 2018. Septemba 2019 ikawa EHLO (salamu ya anayeleta barua) ndefu kupita kiasi. Hiyo ikazibwa na 4.92.3.

Namba hizo za matoleo lakini zisikupoteze. Debian haikurushi toleo jipya, hushona kiraka kwenye lile lile la zamani, kwa hiyo skana (programu ya kutafuta matundu) inayosoma tu namba ya toleo kwenye salamu ya mlango 25, mlango wa barua, itakutisha bure (na kuna watu wanauza ripoti za namna hiyo). Angalia hivi:

`apt changelog exim4-daemon-light | grep CVE`

Kama umeweka `exim4-daemon-heavy`, badilisha jina. Kusasisha:

`apt update && apt install --only-upgrade exim4-base exim4-daemon-light`

Fanya hivyo UPS ikiwa imejaa. Umeme ukizimika katikati, pakiti hubaki nusu. Ukirudi, anza na `dpkg --configure -a`. Kwa aliyejijengea Exim kutoka msimbo, mchakato wa zamani huendelea na tundu lake hadi uuanzishe upya. `ls -l /proc/PID/exe` (PID ni namba ya mchakato) ikionyesha neno deleted, bado unaendesha ya jana.

Seva isiyopokea barua kutoka nje haina haja ya kusikiliza dunia nzima. Ndani ya `/etc/exim4/update-exim4.conf.conf` weka `dc_local_interfaces='127.0.0.1 ; ::1'`, kisha `systemctl restart exim4`. Ukipiga `ss -ltn`, mlango 25 usionekane tena kwenye 0.0.0.0 (yaani anwani zote).