Nyasi zimeota vipara: umwage mbegu au upande vipandikizi?

Nyasi za Kikuyu asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na ndizo zilizotanda kwenye nyua nyingi za Nairobi na Limuru. Zikianza kupungua, kuna njia mbili: kumwaga mbegu juu ya nyasi zilizopo, au kupanda vipandikizi.

Mbegu zinafaa pale nyasi zilipokuwa chache kila mahali bila kuacha mapengo makubwa. Kata nyasi ziwe fupi, kisha kwaruza kwa reki mpaka udongo uonekane. Mbegu iliyokaa juu ya majani makavu haishiki. Italiwa na ndege au itakauka. Ifunike kwa udongo laini usiozidi sentimita 1, unyunyizie maji kidogo kidogo kila siku. Hapa ndipo wengi hushindwa, kwani jua kali la siku moja bila maji linaweza kuua miche michanga. Isitoshe, mbegu hugharimu pesa.

Vipandikizi unavyo tayari. Chomoa mashina yanayotambaa ukingoni mwa ua, yakate vipande vyenye vifundo viwili au vitatu, uvilaze kwenye vifereji vyenye samadi iliyooza, ncha ya majani ikibaki nje. Kanyaga udongo ushikane. Kwa kipara kikubwa mimi sisiti: vipandikizi, mvua za masika zikianza tu.

Chini ya mparachichi wenye kivuli kizito, usihangaike na njia yoyote kabla hujapunguza matawi. Nyasi hizi zinataka jua.